Mwajiri Alipotoweka: Wafalme wa Kwanza wa Wafaranki

Mheshimiwa Mwenyekiti, walimu wenzangu, wanafunzi wa kidato cha tano na cha sita, na wazazi mliowasindikiza vijana wenu: habari za asubuhi. Asalaam aleikum. Tumsifu Yesu Kristo.

Nimeombwa nizungumzie namna falme za mwanzo za Ulaya zilivyochipuka baada ya Dola ya Kirumi kuanguka upande wa magharibi. Somo hili ni pana, na nikitaka kulimaliza lote hapa tutalala njaa. Kwa hiyo nitajifunga kwa watu mmoja, Wafaranki, na kwa ukoo mmoja, wa Childeric na mwanawe Clovis. Wengine nitawagusa nikiwa napita.

Nianzie mbali kidogo na Ufaransa, kwenye Mto Danube, mahali ambapo leo pana mji wa Passau, Ujerumani. Warumi walipaita Batavis. Mtawa mmoja, Eugippius, aliyeandika karibu mwaka 511, anasimulia kwamba dola ilipokuwa ingali imara, askari wa miji mingi ya mpakani walilipwa na hazina ya umma ili walinde mpaka. Utaratibu huo ulipokoma, vikosi vilisambaratika, na mpaka nao ukafutika. Kikosi cha Batavis kiliendelea kushikilia. Malipo hayaji. Mwishowe askari wachache wakafunga safari kwenda Italia kuwachukulia wenzao mshahara wa mwisho. Wakauawa njiani, na hakuna aliyejua. Siku moja Severinus, mtu wa Mungu aliyeheshimiwa sana katika nchi ile, alikuwa chumbani mwake akisoma. Ghafla akafunga kitabu, akashusha pumzi kwa uchungu, akaagiza watu waende upesi mtoni, maana maji yalikuwa na damu ya watu. Punde si punde habari ikafika kwamba miili ya askari wale imetupwa ukingoni na mkondo wa maji.

Muujiza nawaachia wenye imani yao. Mimi nauangalia mshahara. Vitabu vyetu vya shule vinapenda ile picha ya mashujaa wenye nywele ndefu wakibomoa malango ya Roma. Yalitokea, sikatai. Wagothi wa Alaric waliupora mji mwaka 410, Wavandali wakaupora tena mwaka 455. Lakini baada ya kila uporaji palikuwa na kaisari, palikuwa na baraza la wazee, na makarani waliendelea kuandika. Kilichoimaliza dola ya magharibi ni kushindwa kuwalipa watu wenye silaha. Na watu wale hawakwenda popote. Walibaki na panga zao, wakatafuta mtu mwingine wa kuwalisha. Mtu huyo ndiye, kwa maoni yangu, aliyekuja kuitwa mfalme.

Fedha zilikwenda wapi? Sehemu kubwa ilipotelea Afrika ya Kaskazini. Mwaka 439 Wavandali, chini ya mfalme wao Gaiseric, waliteka Karthago, karibu na Tunis ya leo. Jimbo lile ndilo lililokuwa likiilisha Roma kwa nafaka na mafuta ya zeituni, na kodi yake ndiyo iliyokuwa ikiendesha jeshi la magharibi. Mwaka 468 makaisari wa mashariki na magharibi wakaunganisha nguvu, wakapeleka kundi la meli ambalo waandishi wa zama zile wanalihesabu kuwa zaidi ya 1,000, ili kulirudisha jimbo hilo. Gaiseric akaomba siku chache za kufikiri, akangoja upepo, kisha akazisukuma meli zinazowaka moto katikati ya meli za Warumi. Hazina ikateketea pamoja na meli. Miaka minane baadaye, askari wa Italia walipodai wapewe ardhi na wakanyimwa, walimfuata ofisa wao Odoacer. Akamwondoa Romulus, kijana aliyekuwa amekalishwa kwenye kiti cha kaisari, akampa posho ya mwaka na makazi huko Campania, akayapeleka mavazi na alama za ukaisari Konstantinopoli. Hiyo ndiyo 476 mnayoikariri kwa ajili ya mtihani.

Sasa twende kaskazini mwa Galia, nchi ambayo leo ni Ufaransa na Ubelgiji.

Tarehe 27 Mei 1653, katika mji wa Tournai, mafundi walikuwa wakichimba karibu na kanisa la Mtakatifu Brictius. Mmoja wao, Adrien Quinquin, mtu asiyesikia wala kusema, akafukua dhahabu. Lilikuwa kaburi. Ndani yake zilitoka sarafu za dhahabu zaidi ya 100 na za fedha kama 200. Zikatoka panga mbili, mrefu na mfupi, zilizopambwa kwa dhahabu na vito vyekundu. Kukawa na mkuki, shoka la vita na bangili nzito ya dhahabu. Kukawa na vidubwasha vya dhahabu kama 300 vyenye umbo la nyuki, mabawa yao yamejazwa vito hivyo hivyo vyekundu. Na kukawa na pete ya muhuri yenye sura ya mtu mwenye nywele ndefu, amevaa kivita, ameshika mkuki, na kando yake maandishi ya Kilatini: CHILDIRICI REGIS, yaani “ya mfalme Childeric”. Baba yake Clovis, aliyefariki mwaka 481 au 482.

Naomba tulitazame kaburi hili taratibu, kwa sababu ndani yake kuna somo zima. Tuanze na pini ya dhahabu iliyofunga joho lake begani. Pini za namna ile zilikuwa zikivaliwa na maofisa wa Roma. Ukimwona mtu nayo, unajua ni mtumishi wa dola. Pete yake ya muhuri ni ya mtu anayepiga mhuri kwenye barua, na barua hizo ziliandikwa kwa Kilatini. Sarafu za dhahabu zimetoka Konstantinopoli, nyingi zina sura za makaisari Leo na Zeno. Maana yake ni kwamba kuna mtu huko mashariki aliyekuwa bado anaona faida ya kumtumia fedha jemadari wa Galia ya Kaskazini. Mpaka hapo unaweza kusema tumemzika Mrumi. Lakini wachimbaji wa miaka ya 1980 walirudi mahali pale pale, wakakuta kandokando ya kaburi mashimo yenye mifupa ya farasi 21 waliochinjwa. Hakuna ofisa wa Kirumi, tena wa zama ambazo dola imekwisha kuwa ya Kikristo, aliyezikwa hivyo. Waliomzika Childeric walikuwa wakimuaga mkuu wao kwa desturi zao, naye amevaa sare ya mwajiri wao wa zamani.

Hazina ile ilizungushwa Ulaya kama zawadi baina ya wakubwa mpaka ikamfikia Louis wa 14 wa Ufaransa. Napoleon alizipenda zile nyuki, akazifanya alama ya utawala wake mwaka 1804. Usiku wa tarehe 5 kuamkia 6 Novemba 1831 wezi wakavunja maktaba ya kifalme mjini Paris, wakaiba karibu kila kitu na kuyeyusha dhahabu; vichache viliopolewa kutoka Mto Seine. Nyuki wamebaki wawili. Pete haipo. Tunaijua kwa sababu daktari mmoja, Jean-Jacques Chifflet, alikuwa amechora na kuchapisha kila kitu mwaka 1655, miaka miwili tu baada ya kuvumbuliwa. Kila ninapofikiria kuhusu makumbusho zetu na madaftari yake ya kumbukumbu, namkumbuka daktari huyu.

Askofu Gregory wa Tours, aliyeandika historia ya Wafaranki karibu miaka 100 baadaye, ana habari nyingine ya Childeric ambayo wengi huiruka kwa aibu. Anasema Childeric alikuwa akiwaharibu mabinti za watu wake, wakamfukuza, akakimbilia Thuringia, katika Ujerumani ya leo. Sasa sikilizeni Wafaranki walimweka nani badala yake: Aegidius, jemadari wa jeshi la Kirumi huko Galia! Gregory anasema alikaa juu yao miaka minane, kisha Childeric akarudi. Kama maelezo ni sahihi mwaka kwa mwaka, hilo tunaweza kubishana. Ila mwandishi yule hakuona ajabu yoyote kwamba Wafaranki wangeweza kumkubali Mrumi kama mfalme, wala wasomaji wake hawakuona ajabu. Nafasi ilikuwa moja: kuongoza askari wa Galia ya Kaskazini. Mshika nafasi angeweza kutoka upande wowote.

Clovis alirithi nafasi hiyo akiwa kijana wa miaka kama 15 au 16. Tunayo barua aliyoandikiwa na Askofu Remigius wa Reims, na ni barua ya mtu mzima kwa kijana aliyeingia ofisini. Remigius anasema amesikia kwamba Clovis ameshika usimamizi wa Belgica ya Pili, na wala si jambo jipya kwamba ameanza kuwa kile walichokuwa wazazi wake. Anamshauri ajizungushie washauri wa kumjengea jina, awaheshimu maaskofu wake na kuwategemea kwa ushauri, awainue wajane na kuwalea yatima, na mlango wa baraza lake uwe wazi kwa wote ili asitoke mtu na huzuni. Belgica ya Pili lilikuwa jina la mkoa wa Kirumi. Na Clovis wakati ule hakuwa Mkristo.

Kwa nini askofu amwandikie mpagani kana kwamba ni mkuu wa mkoa mpya? Kwa sababu maaskofu wa Galia ndio waliobaki ofisini. Familia kubwa za Kirumi, zilizokuwa zikitoa magavana na mawaziri, zilipoona nafasi hizo zimekauka, ziliingiza watoto wao kwenye uaskofu. Sidonius Apollinaris alikuwa mkuu wa mji wa Roma mwaka 468. Miaka michache tu baadaye yuko Clermont, askofu, akiwatia moyo watu wa mji uliozingirwa na Wagothi. Watu hawa walijua kuandika, walikuwa na ghala za chakula, waliwakomboa mateka. Hawakuwa na jeshi. Clovis alikuwa na jeshi. Mapatano yao yalikuwa karibu kama biashara, na sioni haja ya kuyapaka sukari.

Mwaka 486 Clovis alimshinda Syagrius, mtoto wa yule yule Aegidius, huko Soissons. Akaoa Clotilde, binti wa ukoo wa kifalme wa Waburgundi, Mkatoliki. Akabatizwa na Remigius. Gregory anataja zaidi ya askari 3,000 waliobatizwa pamoja naye. Mwaka wenyewe wanahistoria bado wanavutana, wengine 496, wengine wanausogeza hadi 508. Jambo la kushika ni kwamba wafalme wengi wa Kijerumani wa wakati ule, wakiwemo Wagothi na Wavandali, walifuata mafundisho ya Ario, kwamba Mwana si sawa na Baba. Maaskofu na raia wa Galia hawakuwa huko. Clovis akachukua dini ya walipa kodi.

Mwaka 507 akawageukia Wagothi wa Toulouse. Akiwa anapita kwenye ardhi ya Tours, ambako Mtakatifu Martin, askofu wa zamani wa mji huo, amezikwa, aliamuru askari wasichukue kitu chochote cha watu isipokuwa majani na maji. Askari mmoja akakuta nyasi kavu za maskini mmoja, akasema: mfalme kasema majani, haya si majani? Akampokonya kwa nguvu. Habari ikamfikia Clovis, na askari yule akakatwa kwa upanga papo hapo. Mfalme akauliza, ushindi tutautumainia wapi tukimkosea Martin? Mimi nasoma pale mfalme ambaye anajua kwamba mwenye mji wa Tours ni askofu, na kwamba askofu anahesabu hata nyasi. Huko Vouillé, karibu na Poitiers, Clovis akamshinda na kumuua mfalme wao, Alaric wa Pili. Galia ya kusini-magharibi ikamwangukia mkononi.

Mwaka uliofuata alipokea kutoka kwa Kaisari Anastasius barua za kumpa heshima ya ukonsuli, cheo cha kale cha juu kabisa cha Roma. Akavaa kanzu ya zambarau na joho ndani ya kanisa la Mtakatifu Martin, akaweka taji kichwani, akapanda farasi, akapita katikati ya umati akirusha dhahabu na fedha kwa mkono wake mwenyewe. Jina lake halimo katika orodha rasmi za makonsuli, kwa hiyo lilikuwa vazi la heshima tu. Lakini baba alizikwa na sare, mtoto anavishwa sare mbele ya watu. Baadaye akaifanya Paris makao yake.

Sasa upande wa pili wa Clovis, na hapa wanafunzi naona mnakaa vizuri. Mpaka wakati huo palikuwa na wafalme wengi wadogo wa Kifaranki, wengi wao jamaa zake, kila mmoja na kikosi chake. Clovis akawamaliza mmoja mmoja. Ragnachar wa Cambrai alisalitiwa na watu wake mwenyewe, baada ya Clovis kuwahonga bangili na mikanda iliyong’aa kama dhahabu. Wakamleta Ragnachar mikono imefungwa nyuma, pamoja na ndugu yake Ricchar. Clovis akamwambia: kwa nini umeuaibisha ukoo wetu kwa kukubali kufungwa? Heri ungekufa. Akamkata kwa shoka. Akamgeukia ndugu: ungemsaidia kaka yako, asingefungwa. Naye akakatwa. Baadaye wasaliti wakagundua kwamba zile bangili zilikuwa shaba iliyopakwa dhahabu, wakaenda kulalamika. Clovis akawajibu kwamba anayemuuza bwana wake anastahili dhahabu ya namna hiyo, na washukuru kuwa hai. Gregory anamaliza kwa kusema kwamba baadaye Clovis alikuwa akilia kuwa amebaki peke yake kama mgeni, hana jamaa wa kumsaidia. Si kwa huzuni, bali kwa hila, aone kama kuna aliyesalia wa kuuawa. Na Gregory ni askofu anayemsifu!

Ufalme mmoja wa Wafaranki ulipatikana namna hiyo. Makabila yale hayakukaa kikao wakaafikiana. Mwenye hazina kubwa alinunua vikosi vya jamaa zake na kuwaua wakubwa wao.

Lakini askari hawashibi ushindi tu. Wanagombana, wanaibiana nguruwe. Ndipo tunaipata Sheria ya Wasali, yaani ya kundi mojawapo la Wafaranki, ambayo toleo lake la kwanza wengi hulihusisha na miaka ya mwisho ya Clovis. Imeandikwa kwa Kilatini, na sehemu ya pili kabisa inahusu wizi wa nguruwe: wa kunyonya, wa mwaka mmoja, wa miaka miwili, kila mmoja na faini yake. Kisha inakuja dia. Ukimuua Mfaranki huru unalipa sarafu 200 za dhahabu zilizoitwa solidi. Ukimuua Mrumi mwenye shamba, 100. Ukimuua Mfaranki aliyekula kiapo cha kumtumikia mfalme, 600; Mrumi anayekula meza moja na mfalme, 300. Mwanamke aliyeanza kuzaa, 600. Wengi husoma hapo ubaguzi kati ya Mfaranki na Mrumi, na upo. Mimi naona pia hesabu nyingine: ukaribu na mfalme unaizidisha dia mara tatu, uwe Mfaranki au Mrumi. Baada ya vizazi vichache, Warumi wa kaskazini walikuwa wamejua upande wa kusogea.

Kuna kifungu kimoja cha sheria hii ambacho ningependa mkisikie chote. Mtu ameua, hana mali ya kutosha kulipa dia. Anatafuta watu 12 waape pamoja naye kwamba hana kingine, juu ya ardhi wala chini ya ardhi. Kisha anaingia nyumbani kwake, anachota vumbi kutoka pembe nne za nyumba, anasimama kizingitini akitazama ndani, na kwa mkono wa kushoto analirusha vumbi lile juu ya mabega yake limwangukie jamaa yake wa karibu zaidi. Halafu, amevaa shati tu, hana viatu, ameshika fito mkononi, anaruka uzio na kutoka nje ya boma lake. Kuanzia hapo deni ni la jamaa. Na jamaa naye akiwa maskini, anaweza kumrushia vumbi aliye na uwezo kuliko yeye. Wakishindwa wote, muuaji analipa kwa maisha yake. Wazee waliokaa kwenye mabaraza ya ukoo hapa kwetu wasingehitaji mkalimani kuielewa kesi hiyo. Lakini tazameni pia alipo mfalme: sehemu ya faini nyingi za sheria hii ilikwenda kwake. Amekuta ukoo unajiamulia mambo yake, hakuuvunja, akajiwekea fungu.

Clovis alifariki Paris mwaka 511, mwaka ule ule maaskofu 32 walipokutana Orléans kwa wito wake. Ufalme ukagawanywa kwa wana wanne: Theuderic, Chlodomer, Childebert na Chlothar. Walimu wengi huuona mgawanyo huo kama ujinga. Sikubaliani nao. Kila mtoto alikuwa na askari wake wanaosubiri kulishwa, usipomgawia, anachukua.

Chlodomer alipouawa vitani mwaka 524, aliacha wana watatu wadogo, nao walilelewa na bibi yao Clotilde. Ami zao, Childebert na Chlothar, wakawachukua kwa hila, kisha wakampeleka kwa bibi mjumbe aitwaye Arcadius akiwa na mkasi mkono mmoja na upanga mkono mwingine. Achague: wajukuu wanyolewe au wauawe. Nywele ndefu zilikuwa ndiyo alama ya ufalme katika ukoo ule. Aliyenyolewa hana chake. Bibi, kwa hasira na uchungu, akasema kama hawatakuwa wafalme heri awaone wamekufa kuliko kunyolewa. Arcadius hakungoja atulie. Wawili wakauawa, mmoja wa miaka 10, mwingine wa miaka 7. Chlothar aliwachoma kisu kwa mkono wake. Wa tatu, Clodoald, akaponyoka, akajikata nywele mwenyewe, akawa padri. Kitongoji cha Saint-Cloud kando ya Paris kina jina lake hadi leo. Na mwaka 751, Pippin, mkuu wa jumba la kifalme, alipotaka kiti, mfalme wa mwisho wa ukoo huo, Childeric wa Tatu, alinyolewa na kupelekwa monasteri. Hakuna aliyehitaji kumuua.

Mtaniuliza: je, kwingine ilikuwaje? Italia ilipata mfalme aliye Mrumi kuliko Warumi. Theodoric, Mgothi aliyekulia Konstantinopoli, alimuua Odoacer kwa mkono wake kwenye karamu huko Ravenna mwaka 493, kisha akatawala miaka 33 akitumia makarani wale wale, kodi ile ile, na barua za Kilatini tamu zilizoandikwa na Cassiodorus. Ungesema ufalme huo ndio ungedumu. Kumbe ndio uliokufa mapema. Ulikuwa na kila kitu ambacho kaisari wa mashariki angeweza kuudai kuwa chake, na Justinian alipoanza kudai, mwaka 535, vita vikaila Italia kwa karibu miaka 20. Huko Galia ya Kaskazini hapakuwa na kitu cha kumleta Justinian.

Uingereza ilikwenda njia ya tatu. Kule jeshi liliondoka mwanzoni mwa karne ya tano, sarafu zikaacha kuingia, miji ikahamwa, na kwa vizazi kadhaa hatuoni mfalme yeyote wa maana, bali wakubwa wa mabonde. Lakini hata huko watu hawakuwa wamefungiwa. Katika makaburi ya Scremby, Lincolnshire, wanawake wa wakati huo walizikwa na mifuko iliyofungwa kwa pete za pembe za ndovu, na vipimo vya maabara vilivyotangazwa miaka ya karibuni vinaonyesha ndovu wa Afrika, walioishi penye miamba ya volkano; watafiti wanaelekeza kidole Bonde la Ufa. Vile vito vyekundu vya Wafaranki navyo, vingi vilitoka India na Sri Lanka. Bahari yetu ya Hindi ilikuwa inafanya kazi wakati Roma imezimika. Siku nyingine tukijaliwa tuzungumze hilo peke yake.

Nimalizie na kodi, maana ndiko nilikoanzia. Wafalme wa Kifaranki walirithi madaftari ya kodi ya ardhi ya Warumi, na walijaribu kuyatumia. Ofisa mmoja, Parthenius, aliwatoza kodi Wafaranki wenyewe wakati wa Mfalme Theudebert, mjukuu wa Clovis. Theudebert alipofariki, mwaka 548 hivi, watu wakamsaka. Maaskofu wawili wakamficha mjini Trier, ndani ya sanduku la kanisa, wakamfunika kwa nguo za ibada. Umati ukaingia, ukatafuta kila pembe, ukakosa, ukaanza kuondoka. Mmoja akasema: na lile sanduku je? Wakamtoa, wakamtemea mate, wakamfunga kwenye nguzo, wakampiga mawe mpaka akafa. Askari wa Batavis walikuwa wakiisubiri kodi. Wafaranki wa Trier walikuwa na ardhi yao tayari, hawakuona kwa nini watoe kitu.

Mwaka 580 kuhara damu kulienea Galia, na wana wa Mfalme Chilperic, mjukuu mwingine wa Clovis, wakaugua. Gregory anamleta malkia Fredegund akijipiga kifua, akimwambia mumewe kwamba machozi ya maskini ndiyo yanayowaua watoto wao, na kwamba wanalimbikiza bila kujua wanamlimbikizia nani. Akaagiza aletewe madaftari ya miji yake mwenyewe, akayatupa motoni, akamwambia mfalme, unangoja nini? Chilperic naye akayachoma ya kwake. Watoto walikufa.

Na mwaka 589 maofisa wa Mfalme Childebert wa Pili, kitukuu wa Clovis, walifika Tours na daftari mkononi. Askofu aliyewapokea ni Gregory mwenyewe, shahidi wetu. Akawaambia kwamba wafalme waliotangulia walikwisha usamehe mji huu kwa kumcha Mtakatifu Martin, na kwamba daftari hilo limehifadhiwa na watu wasioutakia mji mema. Wakaandika kwa mfalme kuuliza. Jibu likarudi: Tours isitozwe.

Ukishayafanya hayo kwa miaka 100, mji kwa mji, mfalme anabaki na mashamba yake, faini za mahakama zake, na nyara za vita. Anahama na watu wake kutoka shamba moja la kifalme kwenda jingine, wakila akiba ya kila mahali. Akitaka kumlipa mtu, anakata kipande cha ardhi. Kila kipande alichokata kilimjenga mtu ambaye mwana wa mfalme angekuja kumwomba.

Mwenyekiti ananionyesha saa, na naona mikono mitatu imeshainuka huko nyuma. Ahsanteni kwa kunisikiliza. Karibuni kwa maswali.